Meta ya Sista Imelda

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, nilijua njia ya kwenda kwa Mama Damiano kuliko njia ya kwenda kanisani. Kiberiti siku zile kilikuwa kama sukari na sabuni: ukikiona dukani leo, usilale ukidhani kesho utakikuta. Moto ukizimika jikoni, mtoto anashika kigae cha chungu, anakimbia kwa jirani, anawekewa makaa juu ya majivu, anarudi akipuliza. Mama Damiano alikuwa pia mama yangu wa ubatizo, na hakuwahi kunipa makaa bila kunipa na kitu cha kutafuna.

Asubuhi moja nilikuta moto wa Ama umezimika. Ama ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi, na mimi nilikuwa nalala kwake, nyumba yake ikitazamana na ya wazazi wangu. Mwenyewe hakuwepo. Nikachukua kigae changu bila kumwuliza mtu, nikakimbia. Sijafika hata kwenye mbaazi za Mama Damiano, huyo akatoka mlangoni ameinua mwiko kama anafukuza mbwa.

"Simama hapo hapo! Usikanyage kwangu!"

"Mama, nimekuja kuchukua moto."

"Najua ulichokuja kuchukua. Rudi. Upite ulikopitia, usipite kwenye maji. Na hicho kigae usikiweke chini!"

Nikadhani amepata wazimu. Nikabaki nimesimama na kigae changu mkononi, na yeye na mwiko wake. Halafu sauti yake ikashuka. "Pole, mwanangu," akasema, bila kusogea. "Mwambie mama yako pole." Akaingia ndani akafunga mlango, mlango ambao mchana sikuwahi kuuona umefungwa.

Ndivyo nilivyopata habari kwamba usiku ule mama alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa amekufa kabla hajalia. Alfajiri Ama alisimama juu ya kichuguu akatangaza kwa sauti, mteremko wote ukasikia. Mimi peke yangu nililala kama gogo.

Kwa wasiotufahamu nieleze mara moja, halafu nisiulizwe tena. Nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile inaingia kwenye meta, yaani inajitenga. Hamshiki mtu mkono. Hampiti njia kubwa, mnafungua ya kwenu pembeni. Maji mnachota chini kabisa ya kijito. Ng'ombe wenu hawachungwi pamoja na wa wengine. Moto hamwombi, na wenu hautoki. Mnakaa hivyo mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba aseme imetosha, na hasemi upesi. Ukivunja, unawapelekea wenzako kifo kilichokuwa kwako. Ndivyo tulivyoamini, na sioni cha kuchekwa hapo. Ule mwaka wa ugonjwa wa kutoshikana mikono, alikuja kijana wa afya na kipaza sauti kutufundisha kukaa mbalimbali na kila mtu awe na kikombe chake. Nikamwambia, mjukuu wangu, punguza sauti, mimi nilianza kabla mama yako hajazaliwa.

Sasa ujue kwamba baba yangu alikuwa katekista. Kila Jumapili alisimama kwenye kigango chetu akafundisha kwamba Mkristo hana meta, Mkristo ana sakramenti. Yalipomkuta nyumbani kwake, nilimwona kwa macho yangu anaikwepa njia kubwa, anashuka korongo la mbuzi na suruali yake ya Jumapili. Mama alikuwa amekaa juani kwenye ngozi, uso umemvimba kwa kulia, akamwona.

"Katekista, mbona unapita kwa mbuzi?"

"Nafupisha," akasema baba.

Lile korongo linazunguka kilima kizima. Mama alicheka, halafu akalia tena.

Aliyekuwa na shida kubwa kuliko sisi wote ni dada yangu Filomena. Yeye alikuwa kidato cha nne kwenye shule ya sekondari ya masista, ng'ambo ya pili ya Karatu, msichana wa kwanza katika mteremko wetu kufika huko. Alikuwa amekuja likizo fupi, akiwa na Biblia ya shule na madaftari yake ya somo la dini, ili akirudi afanye mtihani wa mwisho. Alitaka kuwa mwalimu. Alilitaka jambo hilo tangu ana meno ya utoto, alikuwa anafundisha mbuzi. Na sheria ya shule ilikuwa moja: asiyekuwepo kabla mitihani haijaanza, jina linafutwa, na mambo yake yameisha.

Likizo ikaisha. Shule ikafunguliwa. Dada yuko jikoni.

"Ama," akasema, "nisipokwenda watalifuta jina langu."

"Walifute. Lako nililokupa mimi lipo. Hilo la Filomena sijui hata ni la nani."

"Ni la mtakatifu, Ama."

"Basi aende yeye akafanye mtihani."

Hivyo ndivyo Ama alivyokuwa. Hakubatizwa, na baba, aliyebatiza watoto wa watu wakiwa taabani, hakuthubutu kumgusia habari hiyo zaidi ya mara moja. Lakini msidhani alimchukia dada yangu au kitabu chake. Aliogopa kitu kimoja: kumpeleka mtoto wetu akale sahani moja na watoto wa wengine, halafu mmoja wao afe, na mama yake atutazame sisi.

Dada alifanya alichoweza. Kande ni chakula cha subira, mahindi na maharage yanachemka mchana kutwa, na muda wote huo yeye alikuwa karibu na moto anajisomea kwa sauti. Ama hakujua Kiswahili cha kitabuni, kwa hiyo dada alikuwa anasoma mstari, anaugeuza kwa Kiiraqw, anaendelea. Mimi nilikuwa darasa la nne. Watu wakiniuliza leo sekondari nilisoma wapi, nawaambia jikoni kwa bibi yangu, na sijaona aliyesoma kwingine akinipita kwa manabii.

Ama alimpima kila mtu wa kwenye Maandiko kama anayeleta posa. Ibrahimu alimkataa siku ileile. "Anaambiwa amchinje mtoto, anaamka asubuhi anatandika punda, bila hata kumwuliza mama yake? Huyo asije kwangu." Yakobo aliyeozwa dada mtu badala ya yule aliyemtaka, alimwona mjinga tu: "Usiku kucha hakusikia hata sauti?" Yona alimkumbusha baba yetu mdogo wa Baray, aliyetumwa kupeleka dume la ng'ombe upande mmoja akakutwa upande mwingine. Paulo alimsikiliza mchana mmoja, akauliza, "Huyu alioa?" Dada akasema hapana. "Nilijua. Maneno mengi."

Lakini Musa alimpenda. Mchungaji, anachunga mifugo ya mkwe wake kwa adabu, haongei sana, anapanda mlimani peke yake. "Huyo ni wa kwetu," akasema. "Mama yake alitoka wapi?"

Kwa hiyo siku dada alipofika kwenye sheria za Musa kuhusu usafi, Ama alikuwa ametega masikio. Dada alikuwa anazipita haraka, ni sheria za kuchosha, nani aguse nini na nani asiguse. Ama akainua mkono wenye maharage.

"Rudi nyuma. Nani asiguse?"

Dada akarudi, akasoma. Mwanamke aliyejifungua anakaa kando. Hagusi kitu kitakatifu, haendi mahali patakatifu, mpaka siku zake zitimie, ndipo ampelekee kuhani mwana-kondoo, na akiwa maskini, ndege.

Ama akaweka ungo chini. "Hawa watu wana meta," akasema taratibu.

"Walikuwa nayo, Ama. Zamani."

"Na mwanangu ananiambia ni mambo ya shetani."

Baba alikuwa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Akauchonga zaidi, mpini ule ulikuja kuwa mwembamba kama mwiko.

Hapo ndipo dada alipoona mlango wa kutokea. Nilimwona usoni, aliamka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Lakini Musa aliweka mwisho, Ama! Hakuacha tu. Siku zikitimia zimetimia, watu wanatoka."

"Ni siku ngapi?"

Akasoma siku za mtoto wa kiume. Ama alihesabu kwa vidole, akakunja, akakunjua. Mimi pia nilihesabu. Kwa hesabu ile tungetoka kwenye meta kabla ya mtihani, na dada angekuwa na nafasi hata ya kufua sare.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya bega lake, na kusoma nilikuwa najua. Nikauona mstari unaofuata: akiwa wa kike, ni mara mbili. Na yule wetu aliyelazwa chini ya mti wa mnyaa alikuwa wa kike. Dada naye alikuwa ameuona. Kidole chake kilikuwa palepale, kimesimama.

"Na wa kike?" Ama akauliza.

Kande lilikuwa linatokota. Baba aliacha kuchonga. Ama hakujua herufi hata moja. Dada angesema "ni hivyohivyo," na hapana mtu duniani ambaye angemsahihisha. Baba, ninavyomjua, angekohoa akatoka nje. Mimi nilinyamaza kabisa, na bado dada alinikanyaga mguu.

"Wa kike ni mara mbili," akasema. Akafunga kitabu. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti, akawa anayafuta kwa kiganja, na masizi ya jikoni yakampaka uso mzima.

Ama akachukua ungo wake. Alichambua maharage muda mrefu.

"Kwa nini mara mbili?"

"Haikuelezwa, Ama."

"Ungeweza kunidanganya."

"Ndiyo, Ama."

"Mbona hukunidanganya?"

Dada akavuta kamasi. "Kwenye mtihani ningeandika nini?"

Ama alicheka mpaka mama akauliza kutoka nje kuna nini. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. "Meta haikuwekwa kumfunga mtu miguu. Ni uzio, na mwenye adabu anaweza kutembea na uzio wake. Nenda. Ulale peke yako, ule peke yako, unywe kwenye kibuyu chako. Kwa mikono yako usimpe mtu kitu, wala usipokee. Na wewe, Musa wangu wa kike, nisikilize vizuri: atakayekushika mkono akijua, atakaa nawe mpaka mwisho. Awe mdogo, awe mkubwa. Hilo halina cheo."

Nilitumwa mimi kumsindikiza, kwa kuwa mtu wa nje asingebeba sanduku letu. Tulitoka kumepambazuka, tukashuka kwa korongo la katekista, tukatembea kando ya barabara kwenye mabua ya ngano, siyo barabarani. Watu waliotufahamu walisimama mbali wakatuita kwa majina, wakatupa pole, wakapita.

Kufika karibu na Karatu, gari la watalii linalokwenda Ngorongoro likasimama. Nadhani tulionekana wa ajabu, wasichana wawili na sanduku la bati wanatembea shambani na barabara ipo. Akashuka mama mmoja wa Kizungu, mzee, ana kofia pana, anakuja na mkono mbele kutusalimu. Mimi nikaficha mikono yangu yote miwili. Dada akarudi nyuma, akawa anatafuta Kiingereza cha meta. Hakipo. Alichokuwa nacho ni kile cha somo la dini, kwa hiyo akamwambia yule mama kwamba sisi si safi.

Yule mama alisikitika sana. Akarudi garini, akapekua mkoba wake, akaja na kipande cha sabuni ya hotelini, kimevikwa karatasi yenye picha ya kifaru. Dada akamwonyesha aiweke kwenye majani. Gari lilipoondoka tuliinama tukainusa pamoja, bado iko chini. Nyumbani tulikuwa tunafulia majivu, na hapa tumeachiwa ua zima la harufu. Tukacheka mpaka tukakaa juu ya sanduku. Dada akanipa mimi niitunze.

Kicheko kikaisha tulipoliona geti. Wenzake kutoka upande wetu walikuwa wameshapata habari, sijui kwa upepo gani, wakawa wamesimama ndani ya uzio mbali na geti, wanampungia mkono kwa woga. Halafu akaja Sista Imelda, mkuu wa shule na mwalimu wake wa somo la dini. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mrefu, anatembea kama anakwenda kukamata mwizi.

"Filomena! Shule imefunguliwa lini, na wewe unakuja lini?"

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Ingia."

"Sista, tumefiwa nyumbani, mtoto mchanga. Mimi niko kwenye meta." Akamweleza yote, ya mikono, ya maji, ya sahani. "Naomba nilale peke yangu. Mtihani nitafanyia hata nje, pale chini ya tenki."

Sista alisikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo shingo ilivyozidi kurefuka. "Miaka yote hii nakufundisha Maandiko, unakuja kunisimamia getini na mambo ya kipagani? Wewe, mtoto wa katekista?"

"Mimi naweza kuvumilia, Sista. Wenzangu wale ndio wanaogopa."

"Wakiogopa tunawafundisha! Bwana wetu alimfanya nini mwenye ukoma?"

"Alimgusa, Sista."

"Enhe! Sasa?"

"Lakini yule mwenye ukoma hakunyoosha mkono wake, Sista. Alipiga magoti akangoja. Aliyenyoosha mkono ni Bwana."

Hakusema kwa kiburi. Nilimjua dada yangu akiwa na kiburi, puani kunatanuka. Alisema kama anayejibu swali darasani, mikono iko nyuma, amechoka, mabua ya ngano yamemchana miguu.

Sista Imelda akatazama wale wasichana ndani ya uzio, akatutazama sisi. Kisha akafungua geti mwenyewe, akatoka nje, akanyoosha mkono.

"Lete."

"Sista, Ama amesema atakayenishika akijua atakaa nami mpaka mwisho."

"Nimesikia. Lete mkono, Filomena."

Dada hakuutoa. Sista akapita nyuma yake akauchukua hukohuko ulikokuwa, akaushika kwa mikono yake miwili. Wasichana wetu ndani ya uzio walipiga yowe kama wameona chui. Na Sista, badala ya kuwageukia na kuwatandika kwa maneno, akauliza, "Mama yako hajambo?"

Watu wote walikuwa wametupa pole. Kumwuliza mama hali yake, huyu ndiye alikuwa wa kwanza. Dada, aliyekuwa mkavu njia nzima, akalia kama mtoto wa kunyonya.

Mimi nikapewa mkate wa kurudia nyumbani. Sista hakunipa mkononi. Aliuweka juu ya jiwe la geti, akarudi nyuma hatua moja. Niliona kwamba ameelewa haraka, ingawa bado hakujua ameelewa nini.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada. Jioni ileile Sista alimwita mpishi, mzee Qamara wa kwetu, akamnyooshea funguo za stoo. Mzee akasema, "Weka hapo kwenye benchi, Sista." Sista akadhani mzee ana mikono michafu. Asubuhi akampa msichana chaki, msichana akaitazama mpaka Sista akaiweka mezani. Kwenye chakula akakaa, na benchi likawa jepesi, wote wamehamia jingine, kwa heshima, bila kelele, shikamoo zikiwa palepale. Hapo ndipo alipofahamu kwamba shule nzima imemweka kwenye meta.

Alikasirika. Aliwakusanya akawahutubia habari ya imani na ushirikina. Walimsikiliza vizuri, wakaitika "ndiyo, Sista," na hakuna aliyepokea chaki. Utamfukuza nani? Hawakugoma, hawakutukana. Walikuwa wanamwogopea yeye kama walivyojiogopea wao.

Basi akabeba sahani yake, akaenda kwenye chumba cha wagonjwa alikolala dada, akakaa. Akala naye mchana, akala naye jioni, na kesho yake vilevile. Yeye meta hakuiamini hata chembe. Ila alikuwa amemshika mtoto mkono mbele ya watu, na asingemwacha ale peke yake akitazama ukuta. Na kwa kuwa mwalimu hajui kukaa na mtu bila kumfundisha, kila mlo ukawa kipindi: manabii na uji, mifano ya Injili na kande. Misa ikija, wanakaa benchi la nyuma wawili, na wakati wa kutakiana amani wanapeana mkono wao kwa wao, halafu wanatazama mbele. Padre alidhani wamegombana na wenzao.

Mtihani dada aliufanya kwenye meza ya peke yake karibu na dirisha. Hakufanyia chini ya tenki.

Huku nyumbani Ama alikuwa amejitwalia hesabu ya Musa, ile ya mtoto wa kike, na hakupunguza hata siku. Baba alipona kabisa. Sasa aliweza kuwapigia majirani kelele kutoka ng'ambo ya kijito kwamba tunakaa kando kama Maandiko yalivyoagiza, na hapana mtu aliyemkumbusha mahubiri yake. Mama alikaa juani. Hakutumwa maji, hakushika jembe, hakuna mgeni wa kumpikia wala wa kumwambia atapata mwingine. Wakati ule niliona ni adhabu. Nilipokuja kuzaa na kuzika mwenyewe, hospitali na kila kitu, nikarudi shambani kabla maziwa hayajakauka, ndipo nilipoijua ile ngozi ya juani ilikuwa nini.

Siku ya kumaliza, dada alikuja na Sista Imelda. Walipanda kwa korongo la mbuzi, Sista ameinua kanzu yake, viatu vyeusi vimejaa vumbi. Ama alikuwa anatunyoa nywele sote, mama, baba na mimi. Akamtazama Sista, akatazama kitambaa chake cha kichwani.

"Huyu amekwisha kunyolewa?" akamwuliza dada kwa Kiiraqw.

"Karibu hivyo, Ama."

"Basi mikono tu."

Nikaleta sabuni yangu ya kifaru. Ama akaivua karatasi, akamwosha mama kwanza, akamwosha dada, akamshika Sista viganja akamsugua mpaka kwenye viwiko kama anamwogesha mtoto. Na Sista akatulia. Uwanja mzima ukanukia hoteli.

Ndipo mama akamwuliza. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini hili alikuwa amelipanga. "Sista. Wewe unasoma. Mtoto wangu hana ubatizo. Yuko wapi?"

Dada akanitazama, nami nikamtazama. Jibu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye daftari la dada, katika maneno ambayo Sista mwenyewe aliwaandikisha darasani, habari ya watoto wafao bila ubatizo, na mahali wanapokaa pasipo kumwona Mungu. Jikoni dada alikuwa analisoma kwa kunong'ona, na mama akikaribia anafunua ukurasa mwingine.

Sista alifumbua kinywa kile cha mwalimu. Akakifumba. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika mikononi.

"Hilo, mama," akasema, "bado sijalisoma vizuri."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Ukilisoma, uje uniambie."

Alikuja mara nyingi, mpaka masista wenzake walipomhamisha. Sikuwahi kusikia akilijibu swali lile, na mama hakumkumbusha. Walikuwa wanakaa juani wanakula kande.

Jioni ya siku ile Ama aliwasha moto mpya. Haujashika vizuri, nikaona mtu anapanda kwa njia kubwa. Ni Mama Damiano, ana kigae mkononi. Moto wake haukuwa umezimika wenyewe, moshi niliuona mchana. Alikuwa ameumwagia maji ili apate sababu. Nikamchagulia makaa makubwa, mekundu, nikamwekea juu ya majivu, kisha nikabaki nimetega kiganja, maana alikuwa na deni langu la vya kutafuna. Akanipa mkono kwanza. Aliubana mpaka ukauma.

Dada alifaulu, akafundisha, amestaafu, ana magoti mabovu. Mimi niliishia la saba nikaolewa, na sina elimu ya kupima nani alikuwa sahihi kati ya Ama na Sista. Nimebaki na kipimo kimoja tu. Kila msimu wa uchaguzi wanapanda hapa na magari, wananishika mkono, wengine miwili, wananiita mama yetu. Nawatazama machoni nikijiuliza, huyu, kama ningekuwa kwenye meta, angebeba sahani yake aje akae? Kwa kawaida jibu nalipata kabla hajaniachia.